Maji kwanza, dawa baadaye: stoo ya mvinyo kwenye nyanda za juu

Wenzetu wa Dar es Salaam wanaotunza mvinyo nyumbani wanalipia ubaridi kila mwezi kupitia luku. Sisi wa Mbeya tumeukuta. Mji upo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na chumba kilichochimbwa kwenye mteremko, chenye udongo mgongoni na kidirisha mbele, kinakaa kwenye nyuzi 15 hadi 18 mwaka mzima bila mashine yoyote. Wataalamu wanapenda nyuzi 12 hadi 14, lakini wanachosisitiza zaidi ni utulivu, joto lisipande na kushuka hovyo. Kwa hilo milima yetu inatosha kabisa.

Shida yetu ni maji. Kuanzia Novemba hadi Aprili, miaka mingine hadi Mei, mvua inanyesha kwenye udongo uleule unaotupatia ubaridi, na chumba kilichouegemea udongo huo kinapata vyote viwili. Ndiyo maana karibu kila mtu ninayemfahamu huku mwenye chupa zake chini ya nyumba, awe Iwambi, Uyole au Njombe mjini, amewahi kushuka na tochi akakuta kuvu. Na karibu kila mtu swali lake la kwanza ni lilelile: nipulizie dawa gani?

Nimeamua kuandika haya kwa sababu naamini swali hilo linaanzia mwisho. Mbegu za kuvu zipo hewani kila mahali, zipo hata chumbani unapolala, na hakuna dawa itakayozimaliza. Chakula chake nacho kipo tele: karatasi, mbao, gundi ya lebo, vumbi. Kinachokosekana ili vianze kuota ni maji peke yake. Kitu kilicholowa kinaweza kuanza kuota kuvu ndani ya siku moja au mbili. Ukipulizia dawa bila kujua maji yanatoka wapi, utarudia kupulizia kila masika hadi uchoke.

Maji ya stoo yana njia tatu za kuingilia: ardhini, kwenye paa na hewani. Kuzitofautisha si kazi ya macho, maana ukuta uliolowa unafanana vilevile hata kama maji yametoka kwingine. Kuna kipimo cha bei ndogo sana ambacho fundi mmoja wa hapa alinionyesha, nami nakiamini kuliko maelezo ya wauza rangi. Kata kipande cha nailoni nzito, kila upande kama nusu mita. Kibandike ukutani kwa solotepu pana, kingo zote nne, pasibaki upenyo. Kiache siku mbili, kisha shuka na tochi.

Kwangu tulibandika vipande viwili, kimoja ukuta wa nyuma ulioegemea udongo na kingine ukuta wa pembeni. Cha nyuma kilikuwa kimejaa matone kwa ndani, upande unaogusa tofali, mengine makubwa yameanza kushuka na kujikusanya kwenye solotepu ya chini. Kwa nje kilikuwa kikavu. Cha pembeni kilikuwa kinyume chake: ndani pakavu, nje kuna umande mwembamba ambao kidole kiliacha mstari juu yake. Chumba kimoja, kuta mbili, maji ya aina mbili. Ukuta wa nyuma ulikuwa unapata maji ya ardhini, wa pembeni unapata maji ya hewani, na tiba zake hazihusiani hata kidogo.

"Huu wa nyuma unakunywa, mama," fundi aliniambia huku akigonga plasta kwa kifundo cha kidole. "Ukiupaka rangi umemziba mtu mdomo wakati miguu yake bado iko mtoni."

Alikuwa sahihi. Nyumba zetu nyingi huku zimejengwa kwa tofali za kuchoma, na tofali ya kuchoma ina vinyweleo vinavyovuta maji kutoka msingini hadi juu, kozi baada ya kozi. Dawa yake ni ile nailoni au tabaka la lami linalowekwa juu ya msingi kabla ya kuanza kuta, ambalo mafundi huliita DPC. Aliyejenga nyumba yetu hakuiweka kwenye chumba cha chini. Alitoza fedha yake, akaweka DPC nyumba ya juu ambako kila mtu angeiona, stoo akaiacha. Hasira ninayo hadi leo, kwa sababu kazi ya siku moja wakati wa kujenga imegeuka kazi ya kuchimbua nyuma ya nyumba nzima.

Tulichofanya ni kuchimba mtaro nyuma ya ukuta kwa nje, kushuka hadi usawa wa msingi, kwa vipande vifupi vifupi ili udongo usiporomoke na ukuta usibaki bila egemeo. Ukuta ukasuguliwa, ukapigwa plasta ya saruji kwa nje, ukapakwa lami, ukavishwa nailoni nzito. Chini ya mtaro tukalaza bomba lenye matundu, lililoinama kuelekea upande wa chini wa kiwanja, tukalifunika kwa kokoto safi badala ya kurudisha udongo wa mfinyanzi. Kokoto zinaruhusu maji yashuke hadi kwenye bomba badala ya kusukuma ukuta. Kama una fedha ya kufanya jambo moja tu kwenye stoo iliyochimbwa mteremkoni, fanya hili. Rangi ya ndani inayoandikwa kwamba inazuia maji haiwezi kushindana na mlima unaosukuma kutoka nyuma.

Kabla hujafika huko, tazama paa. Paa la bati la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 30, ambayo kwetu ni alasiri ya kawaida ya Januari, linamwaga lita 3,000. Kama huna gata, lita hizo zinaanguka mguuni pa ukuta wako. Kama gata ipo lakini bomba lake linaishia pembeni mwa msingi, umezikusanya zote ukazimwaga mahali pamoja, jambo ambalo ni baya zaidi. Peleka maji mbali au yavune kwenye simtanki. Ardhi inayozunguka nyumba nayo iinamie nje, angalau sentimita 15 katika mita 3 za kwanza. Nimeona stoo moja Uyole ikikauka kwa gata na moramu peke yake, bila kuguswa kitu chochote ndani.

Maji ya hewani ndiyo yanayowachanganya watu, kwa sababu tiba yake inapingana na mazoea. Tumelelewa kwamba chumba kikinuka uvundo, fungua mlango hewa iingie. Juu ya ardhi ni ushauri mzuri. Chini ya ardhi wakati wa masika, mchana, unaweza kuwa ndio chanzo cha tatizo. Chukua hewa ya mchana wa Februari yenye nyuzi 22 na unyevu wa asilimia 75. Kila mita ya ujazo ya hewa hiyo imebeba karibu gramu 14 na nusu za mvuke. Iingize kwenye stoo yenye kuta za nyuzi 16: hewa ya nyuzi 16 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 13 na nusu hivi. Ile gramu moja iliyozidi lazima itue mahali, na itatua kwenye ukuta, kwenye shingo ya chupa, kwenye boksi. Mlango ukiachwa wazi kutwa, hewa mpya inaingia na kutua, inaingia na kutua.

Sasa chukua alfajiri ya Julai, tukiwa tumejifunika mablanketi mawili, nje nyuzi 8 na nyasi zimelowa umande. Mtu angesema hapo ndipo pa kufunga kila kitu. Lakini hewa hiyo, hata ikiwa na unyevu wa asilimia 80, imebeba chini ya gramu 7. Ikishuka stoo na kupata joto la nyuzi 16, unyevu wake unaanguka chini ya asilimia 50, na hapo inaanza kunyonya maji kutoka kila inachokigusa. Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu: masika mlango unafungwa na unafunguliwa pale tu ninapopita; kipupwe matundu ya hewa yanafunguliwa usiku na alfajiri, yanafungwa jua likishapanda. Matundu yawe mawili, moja chini upande mmoja na jingine juu upande wa pili, yawekewe wavu wa panya. Katika miezi ya Juni hadi Agosti nyanda za juu zinakausha stoo bila gharama, na anayeipoteza nafasi hiyo ataihitaji Desemba.

Ukavu nao una kikomo. Mvinyo unaofungwa kwa kizibo cha gome unapendelea unyevu wa kati ya asilimia 60 na 70, kwa sababu hewa kavu mno inaweza kukausha kizibo kikasinyaa na kuruhusu hewa kuingia. Chupa ikilazwa, mvinyo wenyewe unakilowesha kizibo kwa ndani, kwa hiyo sina wasiwasi na wiki chache za asilimia 50. Kuanzia asilimia 70 kwenda juu, unyevu ukikaa wiki nyingi, kuvu linaanza kujisikia nyumbani.

Utajuaje uko asilimia ngapi? Kwa kipima unyevu, kile kidogo cha betri. Bei yake si kubwa, lakini vingi vinadanganya, na kuna njia ya kukisahihisha kwa chumvi ya mezani. Weka chumvi kwenye kizibo cha soda, idondoshee maji kidogo iwe uji mzito bila kuyeyuka yote. Iweke pamoja na kipima chako ndani ya mfuko wa nailoni unaofunga kabisa, uache usiku mzima ndani ya nyumba. Hewa juu ya chumvi iliyolowa hivyo hutulia kwenye asilimia 75. Kama kipima chako kinasoma 68, ujue kinapunguza 7, kiandike kwa kalamu mgongoni na uendelee nacho. Ukitegemea ngozi yako utapotea, maana chumba baridi kinahisi kibichi hata kikiwa salama.

Turudi kwenye kuvu lenyewe. Kwanza hakikisha ni kuvu. Kuta za tofali huku mara nyingi hutoa unga mweupe wenye nyuzinyuzi laini, na watu wanaufuta kwa dawa kali bure. Ni chumvi zilizobebwa na maji ya ardhini na kuachwa juu maji yalipokauka. Ukisugua kati ya vidole unavunjika kama unga, ukinyunyizia maji unayeyuka. Kuvu haliyeyuki, linabadilika utelezi na kunuka. Chumvi haidhuru mvinyo, ila inakuambia wazi kwamba ukuta unavuta maji.

Likiwa kuvu kweli, sasa ndipo dawa inapokuja, na hapa nina ombi moja ninalolisema kwa kila anayeniuliza: usitumie jiki kwenye stoo ya mvinyo. Najua ndiyo inayofikiriwa kwanza, ipo kila duka, na inafanya doa lipotee mbele ya macho. Lakini klorini iliyomo ndani yake inapokutana na mbao, maboksi na vitu vingine vyenye asili ya mimea inaweza kutengeneza kemikali ziitwazo klorofenoli. Kuvu linazichukua kemikali hizo na kuzigeuza kuwa nyingine, mojawapo trikloroanisoli, inayofahamika zaidi kwa herufi TCA. Mwaka 1982 watafiti wa Uswisi, akiwemo Hans Tanner, walieleza kwamba TCA ndiyo inayoupa mvinyo ule uvundo wa boksi lililolowa, ule ambao watu huuita ugonjwa wa kizibo. Pua ya binadamu inaugundua kwa nanogramu chache tu katika lita. Nanogramu tano kwa lita ni gramu tano zilizogawanywa kwenye lita bilioni moja. Hainywewi ikaleta sumu kwa kiwango hicho, ila inaua harufu yote ya tunda, na ukishafungua chupa hakuna cha kufanya.

Chupa iliyofungwa vizuri ina kinga kubwa, kwa kuwa kizibo kizima hakipitishi TCA kirahisi. Hatari kubwa iko kwa ndugu zetu wanaotengeneza mvinyo wenyewe, wa rosela, wa plamsi za Njombe, wa zabibu zilizonunuliwa Dodoma, na wanaochachulia kwenye ndoo na madumu ndani ya stoo hiyohiyo. Mvinyo ulio wazi unapokea kila kilichomo hewani, na mbao za chumba zikishashika harufu hiyo haziiachi. Ufaransa kuna maghala yaliyolazimika kubomolewa paa na chaga zote katika miaka ya 1980 na 1990 kwa sababu mbao zake zilikuwa zimetibiwa kwa dawa zenye klorofenoli. Ogopa pia kuchanganya jiki na siki au na dawa yenye amonia. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya sumu, na stoo haina pa kukimbilia.

Tunatumia nini basi? Chupa zinatosha kufutwa kwa kitambaa chenye spiriti, kidogo kidogo kuzunguka lebo. Mbao nazisugua kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa, naiacha dakika kumi kisha nafuta na kukausha kabisa. Kabla ya kusugua chochote, lowesha kwanza. Ukisugua kuvu kavu umezirusha mbegu chumba kizima. Vaa barakoa nzuri na glavu, na mwenye pumu asishuke kabisa siku hiyo, atakayeshuka awe mtu mwingine.

Ukuta nauachia chokaa. Si rangi ya mafuta wala ya plastiki, chokaa ya asili iliyozimwa kwa maji, na sisi wa Mbeya hatuna sababu ya kuitafuta mbali wakati Songwe ipo hapo. Chokaa mbichi ni kali kiasi kwamba kuvu haliwezi kuota juu yake, na inaruhusu ukuta kupumua, unyevu uliobaki ndani ya tofali ukatoka badala ya kujifungia nyuma ya rangi na kuitoa magamba. Ubanduavyo rangi ya zamani ndivyo chokaa itakavyoshika. Paka nyembamba kama maziwa, acha ikauke, rudia mara tatu au nne. Linda macho, kwa sababu tone moja linaunguza. Kila baada ya miaka michache unarudia, na gharama yake haifikii ndoo moja ya rangi ya dukani.

Vitu vingine ni vya kutoa tu. Maboksi, hata yale mazuri yenye vigawanyio, hunywa unyevu kuliko kitu chochote chumbani na ndiyo huota wa kwanza. Chukua chupa, choma boksi. Viazi navyo vitoke. Najua kwamba stoo nyingi za huku zilichimbwa kwa ajili ya viazi kabla hazijawa za mvinyo, na gunia la viazi kutoka Uporoto linaonekana halimsumbui mtu kwenye kona. Viazi vinapumua, vinatoa maji usiku na mchana, vinabeba udongo uliojaa mbegu za kuvu, na kimoja kikioza unyevu wa chumba kizima unapanda. Mafuta ya taa, rangi na vitunguu vitoke pia, kwa ajili ya harufu.

Chaga za mbao ziwekwe mbali na ukuta, upana wa kiganja, ili hewa ipite nyuma. Mbao za paini za Sao Hill ni rahisi na zinapatikana, lakini zichague zilizokauka. Mbao mbichi zenye michirizi ya bluu tayari zina kuvu wake tangu kiwandani, na zitaendelea kutoa maji kwa miezi. Usitumie nguzo au mbao zilizotiwa dawa ya mchwa. Mninga ni bora, chuma cha pembe kilichopakwa rangi ni bora zaidi, ukimudu.

Baada ya yote hayo, utakuta chupa yenye kuvu kichwani, juu ya kizibo, chini ya ile karatasi ya foili. Usiimwage. Mara nyingi ni unyevu wa chumba tu, na ndani mvinyo ni mzima. Toa foili, futa kwa spiriti, vuta kizibo, futa tena mdomo wa chupa, mimina, nusa. Kinachonitia wasiwasi ni chupa inayonata shingoni, au yenye mvinyo uliopungua kuliko wenzake. Hiyo imevuja, na kuvu limefuata sukari yake. Hiyo inywewe kwanza, kama bado inanyweka.

Wala kuvu si adui wa mvinyo mahali pote. Huko Tokaj, Hungaria, kuta za mahandaki ya zamani zimefunikwa na kuvu jeusi laini mfano wa mahameli, Zasmidium cellare, linaloishi kwa mvuke wa pombe unaotoka kwenye mapipa, na wenye mvinyo wanalilinda. Zabibu zao zenyewe hupatwa na kuvu jingine shambani ili mvinyo uwe mtamu. Lakini huo ni mfumo uliotulia kwa karne nyingi, kwenye miamba na mapipa ya mwaloni. Doa la kijivu kwenye boksi langu hapa Mbeya halina ukoo na hilo, na nisingependa mtu alitumie kama kisingizio.

Nimeandika kwa Mbeya, na Njombe na Makete mambo hayatofautiani sana. Iringa mjini mvua ni chache, na wengi wenu huenda mkamaliza kazi kwa gata, matundu ya hewa na chokaa. Walioko Rungwe, hasa Tukuyu ambako mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka na ardhi haikauki hata Agosti, nawaambia tofauti kabisa: msichimbe. Jengeni chumba kidogo juu ya ardhi upande wa kusini wa nyumba, ambako jua la mchana huegemea kuanzia Oktoba hadi Februari tu, kuta nene za tofali, DPC msingini, dari yenye nafasi ya hewa chini ya bati, bati lenyewe litokeze vya kutosha kufunika kuta. Kama ni chupa kumi na mbili tu, friji ndogo ya mtumba iliyopandishwa hadi nyuzi 13 itawafaa kuliko shimo lolote, mradi mlango wake unafunga sawasawa na maji yanayojikusanya chini yake yanamwagwa.